Maneno Yale Yale

Mume wangu Gaudiosi ni daktari, lakini si wa sindano. Ilibidi nilieleze hilo mara nyingi pale Okolona, mtaa wetu wa Louisville, kwa sababu tangu amalize masomo yake ya chuo kikuu Columbus na mchungaji akatangaza kanisani, watu walianza kumletea magoti yao. Mama mmoja alimngoja nje baada ya ibada akiwa na bahasha ya eksirei. Gaudiosi hawezi kumwaibisha mtu. Aliitoa ile picha, akaiinua kwenye mwanga wa jua, akaitazama kwa makini, kisha akamwambia mama arudi kliniki. Mama akaondoka ameridhika kabisa.

Aliyefurahia jambo hili kuliko wote ni jirani yetu Papa Hyacinthe, Mkongomani, ambaye hawezi kuona mtu ametulia bila kumchokoza.

"Donc, docteur wa siasa," alimwambia Gaudiosi siku moja tukichoma nyama nje. "Siasa ya hii inchi inagonjwa, na weye unaiangaliaka tu miaka yote. Utaiponyesha siku gani?"

Gaudiosi alimjibu kwamba wagonjwa wake walishakufa zamani, ndiyo maana hawamlalamikii.

Kazi yake ni historia. Historia ya siasa za Marekani, tena ya karibuni, ya miaka ambayo wazee wengine bado wanaikumbuka. Watu wakisikia hivyo hudhani anaandika habari za marais. Hapana. Anaandika habari za wajumbe wa mitaa, wale waliokuwa wakikifanyia chama kazi katika miji ya Ohio na Kentucky miaka ya sitini na sabini. Kila mjumbe alikuwa na mitaa yake michache. Alijua nani anaumwa, nani kafukuzwa kazi, kijana wa nani amefungwa, na siku ya kura alipita mlango kwa mlango kuwatoa watu ndani. Aliponieleza mara ya kwanza, kabla hatujaoana, nilimwelewa papo hapo, maana Tanzania tulikuwa na mabalozi wa nyumba kumi. Tofauti ni kwamba wa huku karibu wote wametoweka, na yeye anataka kueleza walitowekaje. Nilimpenda kwa hilo pia. Mwanamume anayewatafuta watu waliokuwa wakibisha hodi, nilijiambia, hawezi kuwa mtu mbaya.

Shida ni kwamba kazi hiyo haina makao. Gaudiosi alikuwa akifundisha Columbus kwa mikataba mifupi, muhula ukiisha anangoja kuambiwa kama kuna mwingine. Alipanga chumba kwa mwanafunzi mwenzake wa zamani. Mimi nilibaki Louisville na mtoto wetu Agata, nyumbani kwa mama mkwe, kwa sababu nina kazi ya ghala hapo Okolona, ya kuskani vifurushi, na bima ya afya ya mtoto inatoka kwenye kazi hiyo. Gaudiosi alikuja Ijumaa jioni, si kila Ijumaa, na Jumapili baada ya kula alirudi. Akishaondoka nilikuwa sikioshi kikombe chake hadi kesho yake. Mama mkwe alikiona pale mezani, akakipita kimya kimya.

Tulikuwa na sentensi moja tuliyoishi ndani yake: ukipata ya kudumu, tutahama. Kazi ya kudumu. Kwa sababu yake hatukununua kitanda kikubwa, maana tungekibebaje? Agata sikumwandikisha kwenye ile shule ya watoto wadogo niliyoipenda, maana angezoea marafiki halafu tumng'oe. Picha zetu za harusi zilikaa ndani ya sanduku, zimefungwa kwenye shuka. Nilikuwa naota nyumba ambayo siijui mji wake. Niliiota ina ngazi na dirisha la jikoni, na Gaudiosi anaingia kila siku kutoka kazini, siku yoyote, hata isiyo na maana.

Mwezi wa kwanza wakamwita Buffalo.

Chuo kimoja cha huko kilitaka mwalimu wa historia ya siasa za Marekani, wa kudumu. Walikuwa wameshaongea naye kwenye kompyuta kabla ya Krismasi, pamoja na wengine wengi, wakawachuja. Sasa walimtaka aende mwenyewe, siku mbili nzima. Siku ya kwanza angekutana na walimu mmoja mmoja ofisini kwao, na siku ya pili angetoa mhadhara mbele ya watu wote. Aliponipigia simu kuniambia, hakuna aliyeweza kuongea vizuri. Nilisikia anavuta pumzi tu upande wa pili.

Basi tukajiandaa, na tulijiandaa kama tulivyofundishwa.

Mimi na Gaudiosi wote tulikulia kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Tanzania, ingawa kule hatukujuana. Mtu wa Mtabila anajua mahojiano ni nini. Familia ikiitwa kwa ajili ya kwenda Amerika, mnaulizwa habari zenu na mtu mmoja, baada ya miezi mnaulizwa na mwingine, halafu na mwingine tena, na maswali ni yale yale. Baba anaingia chumba hiki, mama chumba kile, hata watoto wanatengwa. Halafu wao wanalinganisha. Watu walisimulia kuhusu familia moja iliyokwama kwa sababu mama alisema bibi alikufa wakati wa masika na kijana akasema wakati wa mavuno. Sijui kama ni kweli, lakini kila nyumba iliijua habari hiyo. Kwa hiyo jioni baba yangu alikuwa akitukalisha na kutuuliza, na tulijibu, na tukibadilisha neno alituanzisha upya. Si kwamba tulikuwa tunasema uongo. Ukweli wenyewe ndio tuliokuwa tunaukariri, ili usiteleze.

Kwa hiyo jioni, baada ya shifti, mimi nikikunja nguo na simu iko kwenye spika, nilimsaili mume wangu, kwa Kiingereza. Kwa nini umechagua historia hii? Unafundishaje? Kitabu chako kitaisha lini? Swali la kwanza ndilo nililolipenda, na jibu lake nalijua kama sala.

"Mwaka tuliofika Louisville ulikuwa mwaka wa uchaguzi," alikuwa akijibu. "Jioni moja mzee alibisha mlango wetu. Mama alidhani ni serikali, akatuficha sote bafuni. Mzee aliacha karatasi mlangoni, akaenda zake. Nikataka kujua mzee huyo ni nani, na nani kamtuma. Bado nataka kujua." Hapo ananyamaza kidogo, halafu anamalizia: "Na mama bado anadhani ilikuwa serikali."

Hapo watu hucheka. Nami kila mara nilicheka, ingawa nimeshalisikia mara nyingi. Akisema "usiku" badala ya "jioni" nilimrudisha mwanzo. Alinitii. Alisema hakuna profesa yeyote Columbus aliyewahi kumkazia hivyo.

Mwezi wa pili nikaomba ruhusa kazini, nikamweka Agata kwenye kiti chake cha nyuma, tukampitia Gaudiosi Columbus, tukaendelea kaskazini. Baada ya Cleveland ziwa lilikuwa upande wetu wa kushoto, lakini hatukuliona. Theluji ilikuwa inapita barabarani kwa ubavu kama unga. Chuo kilikuwa kimempangia Gaudiosi hoteli. Mimi na Agata tulifikia kwa Charlotte Nshombo, rafiki yangu tuliyesali naye Louisville, ambaye alihamia Buffalo kumfuata dada yake na sasa anatunza wazee majumbani. Anakaa karibu na Grant Street.

Asubuhi ile ya kwanza Gaudiosi akiwa chuoni, Charlotte alinitembeza. Tulinunua sombe, yaani kisamvu, na samaki wakavu kwa Mkongomani mmoja, tukaingia kwa Mburma kununua pilipili, na kote alikoingia Charlotte alinitambulisha kama mke wa profesa mupya wa hapa. Nilimbinya mkono anyamaze. Alisema bon, Mungu naye anasikiaka, acha asikie vizuri.

Halafu akanipeleka Kenmore, kitongoji cha pembeni ya mji.

Alikuwa na mzee anayemtunza kule, na mtaa wa pili kutoka kwa mzee huyo aliona nyumba yenye kibao cha kupangisha. Hakuniambia tunakwenda kuangalia nyumba, lakini tulipofika alisimamisha gari pale pale mbele yake, akazima. Nyumba ya rangi ya maziwa, ngazi za mbao, baraza dogo la mbele. Jirani alikuwa ameshaondoa theluji kwenye njia yake na akaendelea mpaka upande wa nyumba hii, ingawa haina mtu. Hilo ndilo lililoniingia moyoni. Nilishuka, nikapanda ngazi, nikachungulia dirishani kwa kukinga macho na mikono. Sebule tupu. Nikaanza kuipanga. Meza ya Gaudiosi pale penye mwanga. Picha za harusi ukuta ule. Kitanda kikubwa kingepita mlangoni? Kingepita.

Watoto wa shule walikuwa wanavuka barabara wamefungwa skafu hadi puani. Agata alinivuta koti, akaniuliza kwa Kiingereza chake kama baba atalala kwenye nyumba hii kila siku au wikendi tu.

"Kila siku," nilimwambia. "Tukijaliwa."

Jambo baya la kutamani ni kwamba kunaona mbele sana. Nilishuka zile ngazi nikiwa nimeshika kidole cha mtoto, nami nilikuwa nimeshazishuka miaka kumi.

Jioni ile tukaalikwa chakula. Kiongozi wa kamati ya kuajiri, Profesa Wojcik, mama mtu mzima mwenye nywele nyeupe fupi na sauti ya upole, alikuwa amesikia kutoka kwa Gaudiosi kwamba mkewe na mtoto wako mjini, akasema haiwezekani wakale peke yao. Tulikutana kwenye mgahawa wakati watu wanatoka kazini. Walikuwa walimu wanne. Sikumbuki wote, ila mmoja alikuwa kijana mwenye ndevu, yeye ndiye anayefundisha habari za marais. Agata walimpa kalamu za rangi. Nilikula mabawa ya kuku kwa uma na kisu mpaka Profesa Wojcik akanionyesha kwamba hapa Buffalo yanaliwa kwa mikono, naye akaanza mwenyewe kulamba vidole. Nikampenda.

Gaudiosi alikuwa amechangamka. Aliponikumbatia mlangoni alininong'oneza kwamba siku imekwenda vizuri, hajakosea popote. Watu sita, ofisi sita, wote amewajibu sawasawa.

Halafu Profesa Wojcik akanigeukia. Nadhani alitaka tu nisikae kimya. Aliniuliza ilikuwaje mume wangu akaingia kwenye historia ya namna hii.

Nikafuta mikono. Nilikuwa tayari. Nikawaambia, kwa Kiingereza changu, kwamba mwaka waliofika Louisville ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Kwamba jioni moja mzee alibisha mlango. Kwamba mama mkwe alidhani ni serikali, akawaficha wote bafuni. Mzee aliacha karatasi mlangoni, akaenda zake, na Gaudiosi akataka kujua mzee huyo ni nani, na nani kamtuma, na bado anataka kujua. Nikanyamaza kidogo pale panaponyamaziwa. Kisha nikasema, na mama mkwe bado anadhani ilikuwa serikali.

Hakuna aliyecheka.

"Ndivyo alivyoniambia asubuhi," Profesa Wojcik alisema. "Neno kwa neno."

Kijana mwenye ndevu alisema hata yeye ameambiwa hivyo hivyo, akatazama ndani ya glasi yake. Mwalimu mwingine akaomba chumvi.

Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilitabasamu kabisa. Tumelingana, ndivyo nilivyowaza. Wametuuliza vyumba viwili na tumelingana. Nikalitafuta goti la mume wangu chini ya meza, nikaliminya. Lilikuwa gumu kama mguu wa kiti.

Tulipoingia kwenye gari hakuwasha. Agata alikuwa nyuma anaimba wimbo wake wa kanisani. Theluji ilianza kufunika kioo na Gaudiosi akaiacha ifunike.

Alisema polepole, akitafuta maneno, kwamba yeye huwahoji wazee wale wa vyama. Humwendea mzee mmoja mara mbili, mara tatu. Na mzee akimsimulia jambo kwa maneno yale yale mara zote, pumziko lile lile, mzaha ule ule, yeye huweka alama pembeni. Maana yake: hapa hakumbuki tena, anarudia tu. Mzee anayekumbuka kweli hujikwaa. Leo anakuambia ilikuwa mvua, kesho anakuambia jua. Huyo ndiye unayekaa naye.

"Kwa hiyo wamekuwekea alama," nilisema.

"Ningekuwa mimi, ningeweka."

"Lakini ni kweli. Kila neno ni kweli."

"Ni kweli, Delfina. Lakini nilipokusikia wewe ukilisema, mpaka kale kakimya, nikasikia wanavyonisikia. Kama tape."

Miaka yote nilikuwa nimejua kwamba habari isiyobadilika ndiyo ya kuaminika. Nilifundishwa hilo nikiwa na miguu isiyogusa sakafu kwenye kiti. Sasa mume wangu ananiambia amesoma miaka yote hiyo kujifunza kinyume chake, na siku ya siku, walipomkalisha kwenye kiti, alirudi Mtabila bila kujua.

Nikamwambia tuandae nyingine. Bado kuna kesho. Tuandae jibu jipya, mimi nitamsaili hapa hapa kwenye gari. Aliniangalia, akaanza kucheka, akacheka mpaka akaweka paji la uso kwenye usukani, na Agata naye akacheka kwa kumwona baba anacheka. Halafu akaacha. Akaniomba msamaha, sijui kwa lipi, akawasha gari.

Charlotte nilipomsimulia hakuona tatizo liko wapi. Alisema yeye kama angekuta bwana na bibi wanasema vilevile angewapa kazi wote wawili.

Kesho yake tulikwenda kwenye mhadhara, kwa kuwa Profesa Wojcik alisema mlango uko wazi kwa kila mtu. Nilikaa nyuma na Agata, karibu na mlango, nikimlisha biskuti moja moja asiongee. Ukumbi ulikuwa umejaa kiasi. Wale wa jana walikuwa mbele, na wengine ambao sikuwajua, na wanafunzi.

Gaudiosi alizungumza vizuri. Alisimulia kuhusu mama mmoja, mjumbe wa magharibi mwa Columbus, ambaye alikuwa akipika kwenye kila msiba wa mtaa wake, na kutokana na nani amekuja kuchukua sahani aliweza kukuambia kura zitakwendaje. Alieleza jinsi chama kilivyoanza kuwatumia watu barua na matangazo ya televisheni badala ya kumtuma mama yule, na jinsi watu walivyoendelea kwa muda kumngoja. Nilisahau kuwa ni mume wangu. Nilikuwa namsikiliza tu.

Yakaja maswali. Wawili watatu wakauliza, akajibu. Halafu kijana mwenye ndevu akainua mkono. Hakuwa na ubaya, naweza kusema hivyo. Alisema jana amesikia habari ya mzee aliyebisha mlango, na amekuwa akiiwaza. Watu wengi hubishiwa mlango. Kwa nini huyu mmoja hajamtoka akilini?

"Mwaka tuliofika Louisville," Gaudiosi alisema, "ulikuwa mwaka wa uchaguzi."

Akakoma.

Niliacha kumpa Agata biskuti. Gaudiosi alitazama meza mbele yake. Wanafunzi wakaanza kugeuka.

"Jana niliwaambia ilikuwa jioni," alisema. "Sina hakika. Nakumbuka mwanga kwenye sakafu, kwa hiyo labda ilikuwa asubuhi."

Nilijua niko Buffalo, nina mtoto, nina uraia. Lakini mwili ulikuwa unangoja mtu afunge faili.

Akaendelea. Alisema jana amewaambia mama aliwaficha wote bafuni. Dada zake walijificha. Yeye alikwenda nao, halafu akatoka, akarudi sebuleni kwa magoti, akainua ncha ya pazia. Mzee hakuwa ameondoka. Alikuwa amekaa kwenye ngazi yao. Alikuwa amevua kiatu kimoja, anausugua mguu wake, na anaongea peke yake, au labda anaimba, huwezi kujua kwa mtu mzee. Alikaa pale muda.

"Tangu tufike," Gaudiosi alisema, "hakuna mtu aliyekuwa amekuja kwetu ila watu wa ofisi. Huyu alikuwa wa kwanza kukaa. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Nilikuwa nimeshika kitasa na nilitamani abishe tena, mara moja tu, ili niwe na sababu ya kufungua. Akavaa kiatu, akaenda. Ndiyo hivyo. Sijui nimejibu swali lako."

Kijana mwenye ndevu alisema asante.

Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa kwenye nywele za Agata. Hofu ilikuwa imenitoka, na mahali pake palikuwa na kitu kingine ambacho sikuwa na jina lake. Kitasa. Nimeolewa na mtu huyu, nimezaa naye, nimemsikia akisimulia mlango ule mpaka naweza kuusimulia mwenyewe mbele ya maprofesa, na sikuwahi kujua kwamba alikuwa ameshika kitasa. Alikuwa karibu yangu, safu chache tu za viti, na nilimtamani kama vile yuko Columbus.

Jibu lilikuja mwezi wa tatu. Nilikuwa kwenye mapumziko ya mchana, nimekaa garini kwenye maegesho ya ghala na chakula changu mapajani, simu ikaita, na kwa jinsi Gaudiosi alivyotamka "Mama Agata" nikajua.

Walimpa mwingine. Profesa Wojcik alimpigia mwenyewe, hakumwandikia tu, na akamwambia bila kumficha kwamba kamati iligawanyika. Waliosikia mhadhara walimtaka. Lakini baadhi ya wale wa ofisi za siku ya kwanza hawakuweza kuja siku ya pili, na wao walishaandika maoni yao: amejiandaa mno, hatukumwona yeye mwenyewe. Mama yule alisema anasikitika. Gaudiosi alisema aliamini kwamba anasikitika.

Nililia kidogo, chakula kikapoa. Niliililia ile nyumba ya Kenmore kama mtu anavyoomboleza ndugu, na hata mlango wake sikuwahi kuufungua.

Yeye alikuwa anaendelea kuongea, haraka haraka, kama anayejaribu kunishika nisianguke. Columbus wamempa mkataba wa mwaka mzima safari hii, siyo muhula. Na kuanzia mwezi wa tisa vyuo vingine vitatangaza. Ameshasikia kimoja cha Kansas. Mwakani, alisema. Mwakani huenda.

Neno hilo nililijua. Wazazi wangu walikaa chini ya paa lililovuja miaka mingi kwa sababu majina yanaweza kutoka wakati wowote, na nani anatengeneza paa la mahali anapoondoka? Mwakani, baba alikuwa akisema, na mama akisogeza sufuria kukinga matone. Nilizaliwa chini ya paa hilo na nikaliacha vile vile siku ya kuondoka.

"Sisi tunakuja Columbus," nilimwambia.

Akasema mkataba ni wa mwaka mmoja tu.

"Nimesikia."

"Na kazi yako? Na bima?"

"Mkataba huo wa mwaka hauna bima?"

Akafikiri. Akasema unayo, ya familia, hakuwa ameihesabu kwa sababu hakudhani tutaitumia. Nikamwambia huko nako kuna maghala, mikono yangu haijui kusoma jina la mji.

"Na tukihama tena baada ya mwaka?"

"Tutahama tena."

Kisha nikamsikia anavuta pumzi, kama ile siku waliyomwita Buffalo.

Mama mkwe alilia, halafu akatufungia maharage ya mwaka mzima, kana kwamba Ohio hakuna maharage. Papa Hyacinthe alitupeleka na gari lake la mizigo. Njia nzima alituuliza ni akili gani hii, kuhamisha nyumba yote kwa mwaka moja, na huku alikuwa ameacha siku nzima ya kazi yake kutuhamisha. Tulikuta chumba kimoja cha kulala na sebule, ghorofa ya pili, dirisha la jikoni linatazama ukuta wa matofali. Nikapigilia misumari ya picha za harusi siku ile ile. Kitanda kikubwa tulikinunua kwa mtu wa jirani na kikapita kwa shida, ilibidi Gaudiosi na Hyacinthe wakivue miguu, wakibishana kwa lugha tatu.

Agata ameanza shule. Mimi nimepata ghala, shifti ya asubuhi, na nafika nyumbani mapema kuliko yeye.

Jumanne ya kwanza baada ya muhula kuanza nilisikia ufunguo mlangoni. Nilikuwa nakatakata vitunguu, nikatulia na kisu mkononi. Tangu tuoane sikuwa nimewahi kumwona akitoka kazini Jumanne. Niliyemjua mimi ni yule wa Ijumaa jioni, aliyenyoa ndevu kwa ajili yetu na kufika na pipi mfukoni, na yule wa Jumapili ambaye tayari macho yako barabarani. Aliyeingia alikuwa na shati limetoka nje na wino kidoleni. Aliweka begi katikati ya njia, mahali pa kumkwaza kila mtu. Agata alimkimbilia na kumweleza kwa Kiingereza ugomvi mrefu wa uwanjani, naye akaitikia ndiyo, ndiyo, bila kusikia hata kidogo. Akafunua sufuria. Akaniuliza tunakula saa ngapi.

Nikamwambia bado kidogo. Akakata kipande cha mkate, akakila amesimama, ameegemea friji, amefumba macho.

Nilimwangalia. Kumbe siku za Jumanne mume wangu huwa na njaa sana, na maneno machache.